Wakala wa kwa Mama Kulwa

Jumatano hiyo, saa tatu asubuhi haijafika, watu kumi na mmoja walikuwa wameshakaa nje ya nyumba ya Milembe pale Kasoli wakimsubiri wakala afungue. Walikuwa wamekaa kwa raha zao. Uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana, mabenchi mawili yalikuwa yameazimwa kigangoni, na turubai la kuanikia mpunga lilikuwa limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye miti miwili ili kila mtu apate kivuli. Bwana mmoja alikuwa njiani kwenda mnadani na jogoo wake. Alipoona foleni akaona bora aanzie hapo, akamlaza jogoo chini ya benchi, miguu ikiwa imefungwa.

Ndani, kwenye chumba cha pamba, Nyamizi, mkamwana wa Milembe, alikuwa amekaa juu ya gunia na kompyuta yake mpakato ameiweka juu ya kreti tupu la soda. Msimu wa kununua pamba ulikuwa bado haujafunguliwa, kwa hiyo pamba yote ya nyumba ilikuwa humo, imejaa mpaka usawa wa kifua. Alikaa humo kwa sababu moja tu: dirisha la chumba hicho ndilo mahali pekee katika nyumba nzima ambapo modemu yake ilikubali kushika mtandao. Sauti za watu nje alizisikia, akadhani Milembe ana kikao cha jumuiya.

Kilichomweka pale ni barua pepe ya kampuni moja ya Mwanza. Kampuni hiyo ilikuwa inatunza seva, yaani zile kompyuta kubwa zinazohifadhi kumbukumbu, za viwanda vya pamba na za hospitali, na ilitaka mtu wa kusaidia kutengeneza programu yake iitwayo wakala. Jaribio lilikuwa hili: mwombaji aandae kwenye kompyuta yake mwenyewe mazingira ya kutengenezea wakala, awashe seva tatu za mfano, amweke wakala kwenye kila moja, na wote watatu waonekane kwenye ubao wa mtandaoni wa makao makuu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Atakayeweza apewe kazi, na kazi ataifanyia popote alipo.

Hayo maneno mawili, popote alipo, Nyamizi aliyasoma mara sita. Alikuwa na miaka miwili ya ndoa, na miaka yote miwili alikuwa anafanya kazi kwenye duka la kutoa fotokopi Mwanza, wakati mumewe, Mwalimu Fredrick, anafundisha shule ya msingi hapo Kasoli. Ilikuwa ndoa ya Jumamosi. Basi likichelewa, hata Jumamosi yenyewe inabaki nusu. Sasa alikuwa likizo ya wiki moja. Jaribio likimshinda, Jumatatu alfajiri angepanda basi kurudi kwenye mashine yake ya fotokopi, na ndoa ya Jumamosi ingeendelea hadi Mungu apende vinginevyo.

Fredrick ndiye aliyempa mama yake habari hiyo Jumapili baada ya ibada. Alisema kwa Kiswahili safi cha mwalimu kwamba Nyamizi anaandaa mazingira ya wakala, na kwamba akifanikiwa atabaki hapahapa nyumbani. Milembe alisikia kila neno, na kila neno alilijua. Wakala alimjua tangu enzi zile biashara ya pamba ilipofunguliwa na kila kampuni ikaleta mtu wake na mzani wake. Baadaye walikuja mawakala wa simu, na yule wa mwisho wa Kasoli alikuwa amefunga kibanda na kuhamia Bariadi mjini, ikawa mtu akitumiwa hela na mwanawe lazima apoteze siku nzima kuifuata. Ama mazingira, hakuna kikao cha kijiji alichowahi kuhudhuria ambacho neno hilo halikuishia kwenye ufagio. Kwa hiyo Milembe alifagia. Kisha akaenda kuazima mabenchi, na huko kigangoni akawaambia wenzake kwamba wasihangaike tena kwenda mjini, kwa kuwa mke wa Doto anafungua. Doto ni Fredrick. Ni jina lake la nyumbani, na pacha wake Kulwa alikuwa Mwandoya kwenye ng'ombe zake.

Basi hiyo saa tatu Milembe aliingia chumba cha pamba akiwa amevaa kitenge chake cha Pasaka.

"Nyamizi, ng'wanone, mwanangu, toka basi. Watu wameanza kuchoka."

Nyamizi akauliza watu gani. Milembe akafungua mlango zaidi ili aone mwenyewe.

*

Ilibidi Nyamizi asimame mbele ya watu kumi na mmoja, nywele zimejaa nyuzi za pamba, aeleze. Alianza kwa kusalimia, akaitikiwa vizuri. Baada ya hapo mambo yakawa magumu. Alisema wakala wake siyo mtu, ni programu. Alisema anakaa ndani ya kompyuta. Wazee wawili wakatazamana.

Aliyeuliza kwa niaba ya wote alikuwa Justina, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuja na simu yake ameifunga kwenye ncha ya khanga. Mwanawe alikuwa amemtumia hela ya mbolea tangu wiki iliyopita.

"Sasa mke wa Doto, huyo wakala wako anatoa au anaweka?"

"Hatoi wala haweki, mama. Anaangalia."

"Anaangalia nini?"

"Anaangalia seva kama ni nzima. Kama ina joto, kama imejaa, kama imezima. Halafu anapeleka taarifa Mwanza."

Justina akayatazama mabenchi, akatazama turubai, akamtazama Milembe katika kitenge cha Pasaka.

"Kwa hiyo tumetoka makwetu tukakaa hapa," akasema polepole, "kusubiri kuangaliwa."

Wengine wakacheka, lakini si kicheko cha kumsaidia Milembe. Mwenye jogoo alimchukua jogoo wake akaondoka bila kuaga, na nyuma yake akabaki unyoya mmoja mrefu wa mkia chini ya benchi. Waliobaki waliondoka mmojammoja, na Justina, alipofika barabarani, alisema kwa sauti ya kutosha kusikika kwamba watoto wa siku hizi wakisoma sana wanaanza kuchagua watu wa kuwahudumia.

Milembe aliumia. Aliumia kwa sababu yeye ndiye aliyetangaza, na hapo Kasoli mtu aliyetangaza jambo lisilokuwepo hukumbushwa mpaka mavuno yafuatayo. Alivua kitenge, akavaa cha kila siku, akabeba benchi moja kichwani kulirudisha kigangoni, mchana kweupe, akapita mbele ya kila mtu. La pili alilibakiza. Alisema ni mgongo.

Wakati wa chakula Nyamizi alimwomba radhi, ingawa kosa halikuwa lake, akajaribu kumweleza upya. Alimwambia afikirie mjumbe wa nyumba kumi. Kila nyumba kumi zina mjumbe wao. Anajua nani anaumwa, nani ana mgeni, na kila baada ya muda anapeleka habari ofisini. Wakala wake alikuwa hivyo hivyo, ila nyumba zake ni kompyuta.

Milembe alitafuna ugali wake kwanza.

"Gashi," akasema. "Kumbe ni balozi. Ungesema balozi ningefagia nini mimi?"

*

Kazi yenyewe nayo haikuwa inaenda. Siku nzima ya Jumatano Nyamizi aliimaliza akikusanya vifaa. Alishusha programu moja, ikakataa kufunguka hadi apate nyingine. Akaitafuta hiyo nyingine, nayo ikadai toleo la zamani kidogo la programu ya tatu. Kila mgeni alikuja na ndugu zake. Modemu ilikuwa inashika na kuachia, kwa hiyo faili likifika katikati linakatika, naye anaanza upya bila kulalamika, kwa kuwa kulalamika hakushushi faili.

Ila jua lilipokaribia kuzama, vyote vilikuwa vimekaa mahali pake. Kampuni ilikuwa imetuma sampuli moja ya seva, ambayo mtu anainakili kupata seva za mfano zinazoishi ndani ya kompyuta yake. Nyamizi aliinakili mara tatu. Kwa kuwa zilikuwa zimetoka tumbo moja aliziita Kulwa, Doto na Shija, kama wanavyoitwa mapacha wa Kisukuma na mtoto anayewafuata. Akaweka wakala kwenye Kulwa. Kwenye ubao wa makao makuu ikatokea taa moja ya kijani na jina Kulwa pembeni yake. Alimwita Fredrick aje aone, na Fredrick akamwambia mkewe kwamba katika maisha yake hajawahi kufurahi hivyo kuona jina la kaka yake.

Alhamisi asubuhi aliweka wakala kwenye Doto. Taa ikabaki moja, ila sasa iliitwa Doto. Akaweka kwenye Shija. Taa ikabaki moja, ikaitwa Shija. Alipotazama tena baada ya dakika moja ilikuwa imerudi kuwa Kulwa.

Akafuta, akaanza upya, ikawa vilevile. Akabadilisha hiki, akazima kile. Kufika saa nne kompyuta ilikuwa ya moto kama chungu, na saa nne na robo ikazima yenyewe ikakataa kuwaka. Nyamizi akakaa akiitazama. Fredrick alipokuja mapumziko ya saa nne na nusu alikuta mkewe hajasogea. Akaifungua kompyuta chini kwa bisibisi ya redio, wakakuta feni imejaa nyuzi za pamba nyeupe, zimejikunja vizuri, tayari kusokotwa. Akatafuta kitu chembamba cha kuzitolea. Akaukumbuka ule unyoya wa jogoo chini ya benchi, na unyoya ukafanya kazi vizuri kuliko brashi yoyote. Kompyuta ikawaka. Fredrick akarudi shuleni mbio na vumbi la pamba kwenye suruali, na darasa la tano likamcheka.

Mchana akaja mtendaji wa kijiji, Bwana Ngeleja, na daftari lake kwapani.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimu Milembe, ingawa asubuhi ilishapita. Alikuwa mtu wa heshima, na jambo lililomleta halikuwa zuri, kwa hiyo alitumia salamu iliyokuwa karibu. Alisema ofisi yake imepata taarifa kwamba hapo pamefunguliwa uwakala. Bango hakuliona. Leseni je, ipo?

Milembe alijibu kwamba aliyepeleka taarifa anamjua, na anamsalimu. Kisha akampeleka mtendaji kwenye chumba cha pamba, akamwonesha kompyuta juu ya kreti na kumwambia wakala ndiye huyo, amwulize mwenyewe leseni. Ngeleja akainama, akatazama kioo, akaona taa moja ya kijani inayobadilisha majina. Nyamizi akaeleza tena habari ya mjumbe wa nyumba kumi. Sasa alikuwa anaieleza vizuri. Mtendaji akaitikia kwa kichwa muda wote, halafu akaandika kwenye daftari, akitamka kila neno kadiri anavyoliandika: "Nimefika kwa Mama Kulwa. Wakala nimeoneshwa. Hajaanza kazi."

Alipomaliza kazi ya serikali akafunga daftari, akakohoa, akatoa simu mfukoni. Aliuliza kwa sauti ya chini kama kweli haiwezekani kabisa, hata kidogo tu, maana mjini ni mbali. Nyamizi akamwambia haiwezekani, baba. Mtendaji akasema hakuna neno, alikuwa anauliza tu.

Jioni Fredrick alimkuta Nyamizi anakunja nguo zake, ziko tayari kuingia kwenye begi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akachukua gauni moja lililokwisha kukunjwa, akalikunjua, akaanza kulikunja upya taratibu, vibaya, ili kazi ile ichelewe.

"Ubao unaona mmoja," Nyamizi akasema. "Nina watatu, unaona mmoja. Sijui nimekosea wapi."

"Mpaka kesho saa sita."

"Mpaka kesho saa sita."

*

Ijumaa saa nne na nusu Milembe aliingia na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Alikuwa hajaingia humo tangu mtendaji alipoondoka, na alikuja kwa sababu aliona begi sebuleni. Tangu Nyamizi aje likizo, alikuwa amezoea kusikia mtu mwingine ndani ya nyumba wakati Doto yuko shule. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Akakaa kwenye magunia nyuma ya mkamwana wake, akatazama kioo. Shule aliishia darasa la nne, lakini kusoma alisoma.

"Doto," akasoma. "Sabini na moja. Hiyo sabini na moja ni nini?"

Nyamizi akamwambia ndiyo kiasi seva ilivyojaa. Alizijaza tofauti makusudi ili azitambue: Kulwa ishirini, Doto sabini na moja, Shija arobaini na tatu. Wakaendelea kutazama. Jina likabadilika likawa Kulwa, na sabini na moja ikaanguka ikawa ishirini. Baadaye ikapanda arobaini na tatu. Nyamizi akasema kwa uchovu kwamba hicho ndicho kinachomchanganya, kwa kuwa anavyojua yeye seva haiwezi kujaa na kupungua kila dakika. Makao makuu yanadhani ni moja, inayonenepa na kukonda.

Milembe akaacha kutafuna.

"Umewapa kadi moja," akasema.

"Kadi gani, mama?"

"Kadi. Ya kliniki."

Na hapo Milembe akasimulia jambo ambalo hata wanawe hawakuwahi kulisikia. Mapacha walipokuwa wachanga, kliniki ilikuwa mbali, mwendo wa kutoka alfajiri hadi jua kali, na watoto wawili hakuweza kuwabeba. Akaona mimba ilikuwa moja, kadi moja inatosha. Mwezi huu alimbeba Kulwa, aliyekuwa mnene. Mwezi uliofuata alimbeba Doto, aliyekuwa mdogo kama panya buku. Nesi alikuwa anapima, anaandika kwenye kadi ileile, anaunganisha nukta kwa kalamu. Mstari ukapanda, ukaanguka, ukapanda, ukaanguka. Mwezi wa nne nesi alimsimamisha mbele ya kina mama wote, akainua kadi juu ili kila mtu aone, akauliza ni mama gani huyu anayemnenepesha mtoto mwezi mmoja na kumnyima chakula mwezi unaofuata. Mmoja akasema labda ni pombe.

"Sikujibu," Milembe akasema. "Kiswahili changu kilikuwa kidogo. Niliona aibu, Nyamizi. Nililia njia nzima, na mtoto mgongoni anacheka."

Mwezi wa tano aliazima punda, akawapeleka wote wawili. Nesi alipowaona, mmoja mbele na mmoja mgongoni, alikaa chini akacheka, na baada ya kucheka akamwomba radhi. Lakini kadi zilikuwa zimekwisha siku hiyo.

Nyamizi alikuwa hacheki. Alikuwa ameshageukia kompyuta na vidole vinakimbia. Kila seva, alisema, ina namba yake ndefu ndani, namba ambayo hakuna anayeipa, inazaliwa nayo siku ya kwanza inapowashwa. Wakala anajitambulisha kwa namba hiyo. Jina ni la nje tu. Na yeye hizi tatu alizinakili kutoka sampuli moja ambayo ilishawashwa.

Akafungua namba ya Kulwa kwenye kioo na kumwomba Milembe asome taratibu, yeye aandike nyuma ya bahasha. Milembe akasogeza uso karibu na kioo. Tatu, nane, saba, sifuri, mbili, akasoma, tarakimu kwa tarakimu, na zilipokuja herufi katikati akazisoma pia bila kushtuka. Nyamizi akafungua ya Doto. Milembe akaanza tena: tatu, nane, saba, sifuri, mbili. Alipofika hapo akageuka, akamtazama mkamwana wake.

"Ni ileile."

"Ni ileile," Nyamizi akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Akazifuta namba zote tatu na vitambulisho vya mawakala wote, akazima seva, akaziwasha moja moja ili kila moja izaliwe upya na namba yake. Mtandao ukakatika. Milembe akachukua modemu na waya wake, akainyoosha nje ya dirisha kwa mkono wake mwenyewe, akasimama hivyo, kifua kwenye pamba na mkono nje, na Justina aliyekuwa anaanua nguo upande wa pili akabaki anautazama ule mkono.

Saa tano na dakika arobaini na sita ikawaka taa ya kijani: Kulwa, ishirini. Chini yake ikawaka ya pili: Shija, arobaini na tatu. Wakasubiri. Nyamizi alikuwa ameshika ukingo wa kreti. Milembe alikuwa haoni kioo kutoka alipo, akauliza mara tatu, Doto je. Nyamizi alicheka, akamvuta mkono ndani.

Zilikuwa tatu. Hazikubadilika. Alituma majibu saa tano na dakika hamsini na mbili, kisha wote wawili wakala michembe iliyokuwa imeshapoa.

*

Saa kumi simu ililia. Alikuwa Gloria, mkuu wa mafundi wa ile kampuni, mtu ambaye hadi hapo alikuwa jina tu chini ya barua pepe. Nyamizi aliweka sauti ya nje, na Fredrick, aliyetoka shule bila hata kusahihisha madaftari, akasimama mlangoni.

Gloria alisema sampuli ile waliiacha na namba yake makusudi. Waombaji walikuwa tisa. Wengi walituma taa moja na kuandika kwamba tatizo ni mtandao. Akauliza yeye alilitambuaje, kama alifundishwa chuoni.

"Hapana, dada. Ni mama mkwe wangu aliyetambua."

Gloria akauliza huyo mama anafanya kazi na kompyuta wapi.

"Hafanyi na kompyuta," Nyamizi akasema. "Alizaa mapacha."

Alipoelezewa, Gloria alicheka mpaka akaomba asubiriwe. Aliporudi alisema habari hiyo ataisimulia ofisini leo leo, kwamba Nyamizi anaanza Jumatatu, na kwamba aanzie hapohapo Kasoli, ila achague chumba kisicho na pamba. Simu ilipokatika Fredrick alikwenda sebuleni moja kwa moja, akalifungua begi, akatoa gauni baada ya gauni na kuzirudisha chumbani mikono imejaa, na njiani aliangusha mbili.

Milembe alikuwa ametoka nje. Alilikuta lile benchi la pili bado liko mahali pake, akakaa, na haikupita muda Justina akaja kuuliza kuhusu ule mkono dirishani. Milembe alimsogezea nafasi, akamwambia wakala amefungua, ila ni wakala wa namna ya balozi, na amepata kazi ya Mwanza bila kwenda Mwanza. Halafu akasimulia habari ya kadi, yote, na nesi, na lile neno la pombe. Alishangaa kuona haikuwa inauma tena. Justina alicheka akishika mbavu, na alipomaliza akasema kwamba yeye angempiga yule nesi na punda wake. Kesho yake ni Jumamosi, akaongeza, anakwenda mjini kuchukua ile hela ya mbolea. Kama mke wa Doto ana haja ya kitu aseme.

Jua lilipoanza kulegea Milembe aliingia chumbani kwake, akafungua sanduku la bati, akatoka na kikaratasi kigumu kilichogeuka rangi ya chai. Akampa Fredrick. Juu palikuwa pameandikwa jina moja tu, Kulwa, na katikati mstari wa kalamu ulipanda na kushuka kama meno ya msumeno. Fredrick alikigeuza. Nyuma, kwa penseli iliyokaribia kufutika, mtu aliandika kwa haraka: na mwenzake.

"Ndiyo mimi hapo?" akauliza.

"Ndiyo wewe. Kadi zilikuwa zimekwisha. Walisema turudi mwezi ujao, na mwezi ujao mvua ilikata njia." Milembe akamshika mkono mwanawe wa miaka thelathini na moja, mwalimu mzima, akamwongoza kwenye chumba cha pamba kama anayempeleka kupimwa. Kompyuta ilikuwa bado inawaka juu ya kreti, na taa tatu zilikuwa mahali pake. Akaweka kidole kwenye ya mwisho.

"Soma," akamwambia.

Fredrick akainama, akasoma jina lake.